MAZUNGUMZO YA JAMAA: Mwenyekiti Si Mwenye Maneno



Wengi hudhani ya kuwa kuongoza mazungumzo mbele ya watu ni kazi ya kukaa kitini na kupigiwa makofi. Sivyo hata kidogo.

Twende pamoja Unguja Mjini, mpaka Ngome Kongwe inayotazamana na bustani ya Forodhani. Ngome ile ilijengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno mwaka 1698, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Siku hizi si mahali pa vita. Kwa miaka mingi ndipo palipofanyika tamasha la sinema la nchi za majahazi, liitwalo ZIFF, lililoanzishwa mwaka 1997.

Katika tamasha la namna hii, usiku watu hutazama picha, na mchana huketi kuzijadili. Hapo ndipo mwenyekiti anapotoka jasho. Asubuhi ana baraza moja, adhuhuri la pili, alasiri la tatu. Kila mara yampasa awe ameitazama picha yenyewe, ajue majina ya wageni na kuyatamka sawasawa, tena aangalie saa, maana wengine wanangoja viti vile vile. Mgeni huyu hana neno ila ndiyo na siyo. Yule akishika kipaza sauti hakiachi. Adhana ikilia katika misikiti ya jirani, mwenye adabu hunyamaza kwanza. Akikumbuka chakula, jua limekwisha kushuka.

Lakini hayo yote ni madogo. Jambo kubwa ni lugha. Wageni husema Kiingereza, na pengine picha yenyewe yahusu bahari, ndoa au kilimo cha mwani, yaani mambo ya watu wa hapa. Mwenyekiti asipofasiri, mama alimaye mwani kule Paje au Jambiani, ajuaye kazi ile kuliko wote waliopo, ataketi kimya huku wengine wakieleza maisha yake.

Jambo jema ni kwamba tamasha hili halikukaa mjini tu. Lilipeleka sinema mpaka vijijini, Unguja na Pemba, na likaweka vikao vya wanawake. Kijijini kazi ya mwenyekiti ni ngumu zaidi. Wazee wa kiume huketi mbele na kusema kwanza. Akina mama wako nyuma. Kuuliza, "Nani ana swali?" hakutoshi. Mwenyekiti mwenye busara husogea nyuma, akasema, "Shikamoo, bibi. Wewe umeonaje?" Kisha hungoja, hata kama jibu lachelewa.

Wazazi, nasi tuna vikao vyetu: vya shule, vya kisima, vya jumuiya. Ni mara ngapi mwenyekiti husema peke yake saa nzima, kisha akauliza kama wote wamekubali? Baadaye pampu ikiharibika hakuna atoaye mchango, na kila mtu asema, "Mimi sikuulizwa." Penye wengi hapaharibiki neno, lakini ni lazima hao wengi wapewe nafasi ya kulisema.

Basi wiki hii, wewe unayeongoza jambo lolote, hata chakula cha jioni nyumbani kwako, sema kidogo, muulize aliyenyamaza, na umngoje ajibu.