Turbo au injini ya kawaida? Mfanyabiashara wa Kigoma aanze na hesabu ya mlima

KATIKA vijiwe vya madereva na mafundi kuanzia Mwanga hadi Ujiji, ubishi mmoja hauishi: gari lenye turbo na lisilo na turbo, lipi ni bora? Vijana husifu turbo kwa sababu inavuta. Wazee husifu injini ya kawaida kwa sababu haifi. Ubishi huo ungebaki wa kijiweni tu kama usingekuwa unaamua mahali zinapokwenda fedha za watu. Mfanyabiashara wa mawese wa Buzebazeba anayechukua mkopo kununua pikapu au Canter iliyotumika kutoka Japani anaweka rehani nyumba au kiwanja chake, na injini atakayochagua ndiyo itakayolipa au kushindwa kulipa marejesho.

Kwa wasiofahamu, turbo ni feni mbili ndogo zilizofungwa kwenye ufito mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza, nayo ya pili inasukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye silinda. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaungua na nguvu inaongezeka bila injini kuwa kubwa. Injini ya kawaida haina msaada huo. Inavuta hewa kwa pistoni zake yenyewe, kama mtu anavyopumua. Ufundi huu si mgeni, kwani Mswisi Alfred Büchi aliuandikishia hataza mwaka 1905.

Wenye magari ya mashindano duniani wamebishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi, na historia yao ina funzo kwa anayepakia madumu. Renault iliingiza turbo katika mbio za Formula One mwaka 1977 na kuchekwa, maana gari lilikuwa likitoa moshi na kusimama njiani. Miaka miwili baadaye likashinda nyumbani kwao Ufaransa. Turbo zikatawala, zikapigwa marufuku kuanzia msimu wa 1989, zikarudi mwaka 2014. Hata hivyo, kiwanda cha Porsche, ambacho kimekuwa kikiuza 911 zenye turbo tangu miaka ya 1970, bado kinatengeneza 911 GT3 isiyo na turbo kwa ajili ya watu wanaopenda kukimbiza magari uwanjani. Sababu ni mbili. Kwanza, injini ya kawaida inaitika mara moja mguu unapogusa mafuta, wakati turbo ya zamani inachelewa kidogo mpaka feni ishike kasi. Pili ni joto. Turbo hufanya kazi kwa moshi wa moto, na mzunguko baada ya mzunguko joto hilo hupanda hadi kompyuta ya gari kupunguza nguvu ili kuiokoa injini.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeendesha kama Mkenya, aliyashinda mara tano, mwaka 1973 na kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun zisizo na turbo. Mwaka 1983 Audi walileta Quattro zenye turbo na zinazovuta kwa magurudumu yote manne, zikiwa na nguvu kuliko washindani wake. Ari Vatanen akawashinda na Opel Ascona 400, gari la kuvuta nyuma tu, lisilo na turbo. Mwaka uliofuata ndipo turbo iliposhinda, Toyota Celica ikiendeshwa na Björn Waldegård, na Toyota ikarudia mwaka 1985 na 1986. Tangu mashindano hayo yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, Toyota zilizoshinda hadi 2024 zote zilikuwa na injini ndogo za lita 1.6 zenye turbo.

Kwa hiyo turbo ilishinda mwishowe? Ndiyo, lakini ilishinda ikiwa na mafundi, spea na oili mpya vinavyoisubiri kila inaposimama. Mfanyabiashara wa Buzebazeba hana msafara huo. Ana fundi mmoja chini ya mwembe, na spea zake ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli.

Sasa tuje kwenye mlima, maana hapo ndipo turbo inapokuwa na hoja nzito. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita zipatazo 773 juu ya usawa wa bahari, na ukanda wa juu wa Manyovu na sehemu za Kasulu unapita mita 1,500. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Chukua injini ya Toyota 1HZ, ile ya silinda sita na lita 4.2 iliyo kwenye Land Cruiser nyingi za miradi na hospitali. Kiwandani inahesabiwa kuwa na nguvu za farasi kama 130. Ikifika Manyovu imebaki na 112 au pungufu. Ndugu yake 1HD-T, yenye ukubwa uleule na turbo, inaanza na 165 hivi na haipotezi nyingi mlimani, kwa kuwa turbo inafidia wepesi wa hewa. Dereva aliyepanda Manyovu na mzigo anaijua tofauti hiyo bila kuambiwa na mtu: mmoja yuko gia ya pili, mwenzake anampita akiwa gia ya tatu.

Lakini swali ambalo wanunuzi wengi hawajiulizi ni hili: mzigo mzito unakwenda upande gani? Mkulima wa maharage, mahindi, ndizi au kahawa wa Buhigwe anapakia juu na kushuka ziwani. Gari lake linapopanda limebeba mbolea kidogo, mabati machache na abiria wawili watatu. Huyu anahitaji breki nzuri na injini inayozuia gari likiwa kwenye gia, tena injini kubwa ya dizeli isiyo na turbo inaifanya kazi hiyo vizuri tu. Kumuuzia mtu wa namna hii turbo kwa kisingizio cha mlima ni kumuuzia mwavuli wakati wa kiangazi. Hali ni tofauti kwa mchuuzi anayetoa dagaa Kibirizi au mawese Ujiji na kuyapandisha Manyovu na Kasulu. Dumu la lita 20 la mawese lina uzito wa kilo kama 19 pamoja na chombo chake, kwa hiyo madumu 150 ni karibu tani tatu zinazopanda mlima. Huyo turbo inamhusu. (Wenye mitumbwi ya injini wasipoteze muda na makala haya, ziwa halina mlima.)

Hata kwa huyo wa mawese, kuwahi kufika si faida mpaka kuzae safari ya ziada. Kutoka Kigoma hadi Manyovu ni kilometa kama 60 na siku hizi ni lami. Turbo ikimwokolea dakika 20 wakati upakiaji umemla nusu siku na mnunuzi anamsubiri hadi siku ya soko, dakika hizo hazina bei. Zinaanza kuwa na bei kwa anayekwenda Kahama au Mwanza, ambako saa tatu za barabarani zinaweza kuamua kama mzigo unashushwa leo au kesho.

Faida ya kweli ya turbo kwa mfanyabiashara mdogo iko kwenye mafuta. EWURA inapotangaza bei kikomo kila mwezi, wilaya za Kigoma huwa miongoni mwa zenye bei za juu nchini kwa sababu ya umbali kutoka bandarini. Injini ndogo yenye turbo inayopuliza dizeli moja kwa moja ndani ya silinda hutumia mafuta kidogo kuliko dude la lita 4.2 la mtindo wa zamani kwa kazi ileile. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, kila mtu aweke tarakimu zake. Tuseme turbo inaokoa lita 3 kwa safari, dizeli ni Sh 3,000 kwa lita, na gari linafanya safari tatu kwa wiki. Hapo kuna Sh 27,000 kila wiki. Tuseme tena siku moja turbo inakufa. Turbo nyingine na fundi ni Sh 1,500,000, na gari linalala wiki tatu likisubiri spea. Kama kila safari huacha faida ya Sh 80,000, safari tisa zilizopotea ni Sh 720,000. Jumla ya hasara ni Sh 2,220,000. Ukizigawa kwa Sh 27,000, unapata wiki 82, yaani kama mwaka mmoja na miezi saba.

Maana yake ni kwamba turbo ikiishi zaidi ya miezi 19 imemlipa mwenyewe. Ikifa kabla ya hapo imemla, na katika wiki zile tatu marejesho ya mkopo hayakulala. Aliye na magari matatu anaweza kuvumilia mojawapo likilala gereji. Mwenye gari moja hana pa kupumulia, na ndiyo sababu ushauri wa jumla wa kununua teknolojia mpya yenye kuokoa mafuta, unaotolewa na watu wenye magari ya ofisi, haumfai bila kupimwa.

Je, turbo iliyotumika itaishi miezi 19? Inaweza, lakini jibu liko mikononi mwa dereva kuliko kwa mwenye gari. Ufito wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Dereva akimaliza kupanda Manyovu kwa nguvu na kuzima injini papo hapo, oili inaacha kuzunguka wakati chuma bado ni cha moto kupita kiasi, nayo inaungua na kuganda kama masizi. Dawa yake ni kuacha injini ikiunguruma dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Ni jambo jepesi, lakini nani atalifanya? Dereva analipwa kwa safari. Mafuta yanayoungua gari likiwa limesimama anaambiwa ameyaiba. Turbo ikifa yeye anahamia kwa tajiri mwingine. Mwenye gari anayetaka turbo idumu hana budi kubadili malipo yake kwanza, kwa mfano kumwekea dereva posho inayolipwa kila miezi mitatu ambayo turbo imepita salama. Ni rahisi kuliko turbo.

Oili nayo isipimwe kutoka kwenye pipa lisilojulikana lilikotoka. Injini ya 1HZ itanung'unika na kuendelea, turbo haitasamehe. Chujio la hewa lililotoboka ni hatari vilevile, hasa kwa wanaoingia vijijini kiangazi, kwani vumbi linapita kwenye feni kama msasa.

Kuna makosa mawili yanayoonekana gereji na yote yanatokana na kutaka njia ya mkato. La kwanza ni kuifungia turbo injini ambayo haikuundwa nayo. 1HZ ina mgandamizo wa zaidi ya 22 kwa 1, na ikisukumiwa hewa ya ziada bila marekebisho ya maana, joto hupanda na pistoni hupasuka. Gari lililokuwa polepole sasa halitembei kabisa. La pili ni kinyume chake, yaani kuing'oa turbo iliyokufa kwenye injini kama 1KZ-T ya Hilux na kuziba mabomba. Pampu inaendelea kumwaga dizeli ya kutosha hewa ambayo haipo tena. Gari linatoa moshi mweusi na kunywa mafuta, na mwenye nalo anajisifu kwamba ameokoa fedha ya turbo.

Kwa hiyo mkulima anayeshusha mazao, na mchuuzi mwenye gari moja la mkopo, wachukue injini ya kawaida: 3L au 5L kwa wanaotaka Hilux, 4D33 kwa wanaotaka Canter. Zinaenda polepole na zinajulikana kwa kila fundi kuanzia Ujiji hadi Kibondo. Anayepandisha mzigo kila siku, mwenye dereva anayemwamini na akiba ya turbo moja benki kabla hajaanza kazi, achukue turbo bila woga. Vyama vya akiba na mikopo vinavyokopesha magari navyo viulize aina ya injini kwenye fomu, kisha vipange marejesho ya mwanzo yawe madogo ili akiba hiyo iweze kuwekwa.

Na wakati wa kununua, gari likaguliwe injini ikiwa baridi, lisiwe limepashwa moto na dalali asubuhi. Bomba linaloingiza hewa lifunguliwe na fundi atikise ufito wa turbo kwa kidole. Ukicheza juu na chini hadi feni iguse ukuta, au bomba likiwa limelowa oili, bei ya turbo nyingine ipunguzwe palepale kwenye bei ya gari. Muuzaji akikataa bomba lisifunguliwe, yako magari mengine Dar es Salaam.