Vijana wa Turkana, tuuache ewoi, tuchome mathenge

Ukisafiri kutoka Lodwar hadi Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi, jaribu kuhesabu magunia ya makaa yaliyopangwa kando ya lami. Utachoka kabla hujafika. Yale magunia ndiyo kampuni yetu ya kawi. Sio Turkwel. Bwawa la Turkwel lilijengwa kati ya 1986 na 1991, lina uwezo wa megawati 106, lakini umeme wake ulielekezwa kusini huku mji wa Lodwar ukiendelea kwa miaka mingi kuwashiwa taa na jenereta za dizeli. Stima tutaidai, ni haki yetu. Lakini hata ikifika kila boma kesho asubuhi, mama hatapikia githeri kwa stima. Atapikia kuni na makaa. Kwa hivyo leo tuongee kuhusu moto wa jikoni, ule ambao hakuna mwanasiasa anayeukatia utepe.

Hesabu ni rahisi kuielewa. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992. Kalobeyei ikafuata 2016. Ukijumlisha zote mbili unapata wakimbizi karibu 300,000, na kila mmoja anahitaji chakula kilichoiva. Mashirika hugawa kuni, lakini kuni hizo haziwatoshi. Basi mkimbizi anauza sehemu ya chakula chake apate makaa ya kupikia kile kilichobaki. WFP ilipopunguza mgao wa chakula mwaka 2025, hata hiyo biashara ikawa ngumu. Upande wa pili yupo mama Mturkana anayetembea kilomita nyingi juani na mzigo wa kuni kichwani ili auze kambini. Wote wawili wanategemea mti uleule, na mti huo unaisha.

Mti wenyewe ni ewoi. Wewe uliyelelewa huku unaujua. Maganda yake hulisha mbuzi kiangazi, kivuli chake ndicho baraza ya wazee. Wazee wetu hawakuwa wajinga kuhusu miti. Kando ya mito kama Turkwel, familia ilikuwa na ekwar yake, sehemu ya miti iliyojulikana ni ya nani, na hukuingia na shoka kwa mwenzako hivi hivi. Ule ulikuwa usimamizi wa misitu kabla ya neno hilo kuandikwa kwenye sera yoyote. Biashara ya makaa haijali ekwar ya mtu.

Sasa, kuna mti mwingine ambao hakuna atakayeulilia. Mathenge, ama etirae kama tunavyouita. Uliletwa maeneo kame ya Kenya kati ya miaka ya 70 na 80 kwa nia njema: uzuie jangwa, utoe kuni. Ukakubali udongo kuliko alivyotarajia aliyeuleta. Umeziba njia za mifugo, umekaa kando ya mito, miiba yake inatoboa gurudumu la bodaboda. Wenzetu wa Baringo walienda mahakamani mwaka 2006 na kumpeleka mbuzi asiye na meno kama ushahidi, kwa sababu maganda yake matamu yanashika meno ya mnyama mpaka yanaoza. Watu walicheka. Mwenye mbuzi hakucheka.

Msimamo wangu ni huu: makaa yote yanayouzwa Lodwar na Kakuma yafaa yatoke kwa mathenge, na vijana ndio wawe wanayachoma. Mti upo, ni mgumu, unawaka vizuri. Hata tanuri letu la udongo linapoteza kuni nyingi mno. Ukichoma kienyeji, kilo 100 za kuni kavu zinakupa makaa kati ya kilo 10 na 20. Ukitumia tanuri bora lililozibwa vizuri unaweza kufika karibu kilo 30. Hiyo ni tofauti ya kilo 10 hadi 20, bila kukata tawi lingine.

Najua utasema mathenge ukikatwa unachipua tena. Ni kweli, kisiki kisipong'olewa unarudi na ghadhabu. Na kuna hatari nyingine ambayo wapenda miradi hawapendi kuitaja: mti ukishakuwa pesa, nani atataka uishe? Tena mnunuzi hajui kutofautisha. Mtu atakata ewoi usiku, achome, aseme ni mathenge. Ndiyo maana sitaki leseni tu ya karatasi kutoka ofisini. Nataka chama cha wachomaji chenye eneo linalojulikana, kikae na wenye ekwar chini ya mti, na atakayepatikana na ewoi atolewe kwenye chama. Wazee wanajua kuadhibu kuliko afisa anayekuja mara moja kwa mwezi na gari.

Na tusidanganywe na ukubwa. Kule Marigat, Baringo, palipangwa kiwanda cha kuzalisha megawati 12 za umeme kutokana na mathenge. Wananchi waliahidiwa soko la kuni. Mradi ukakwama. Matanuri 50 ya vikundi vya vijana hayaning'inii kwenye saini ya mwekezaji mmoja. Moja likifa, 49 yanaendelea.

Kuna wale watakaokuja na wazo lingine, na wanakuja na suti. Watasema Turkana ni kubwa na tupu, tupande mimea ya kutengeneza mafuta. Mwambie mgeni huyo kwamba hakuna ardhi tupu huku, kuna malisho ambayo mifugo haijarudi. Halafu umkumbushe mbono, ule wanaouita jatropha. Mwishoni mwa muongo wa 2000 uliimbwa nchini kama mmea wa ajabu wa maeneo kame. Utafiti wa 2009 uliofanywa kwa wakulima wa Kenya ukaonyesha mavuno ni duni, na ushauri ukawa upandwe kama ua tu, kuzunguka boma. Msitu wa Dakatcha karibu na Malindi ulikuwa ufyekwe kwa ajili ya mbono huohuo, wenyeji na wahifadhi wakapinga. Ujerumani nayo, yenye mvua na trekta, ilijenga mitambo ya bayogesi zaidi ya 9,000, mashamba yakajaa mahindi ya kulisha mitambo, hadi sheria ikabidi iweke kikomo cha mahindi hayo. Kama Mjerumani alilazimika kujizuia, sisi wa Katilu na Napuu, tunaomwagilia kwa maji ya kuhesabu, tutalishaje mashine mtama? Mtama ni wa watu, mabua ni ya mbuzi. Hapo hakuna mjadala.

Kinachobaki ni taka, na hapo ndipo naona utajiri tunaourukia kila siku. Chukua kichinjio. Damu, mavi ya matumboni, maji ya kuosha, vyote vinamwagwa mahali pamoja kila siku, na harufu yake inakusalimu kabla hujafika. Kule Kiserian, Kajiado, Wamaasai wenye kichinjio cha Keekonyokie waliamua uchafu huo uwe gesi ya kupikia, wakafika hata kuijaribu kuipakia kwenye mitungi. Wale ni wafugaji kama sisi. Hawakuwa wakulima wa maua wala wahandisi wa Ulaya.

Namna inavyofanya kazi si uchawi. Unaweka kinyesi na maji kwenye shimo ama tanki lisiloingiza hewa, vijidudu vinakula, vinatoa methani. Vijidudu hivyo hupenda joto la nyuzi 35 hadi 37. Nchi za baridi hulipa pesa kupasha tanki moto. Lodwar, joto tunapewa bure mwaka mzima! Kilo moja ya kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa kama lita 30 hadi 40 za gesi, na familia ya watu watano ikitaka kupika siku nzima itahitaji kilo 25 ama 30 kila siku, pamoja na kiasi sawa cha maji.

Hapo kwenye maji ndipo miradi mingi imekufa. Mfadhili anamjengea mfugaji mtambo nyumbani, mfugaji anahama na mifugo, kinyesi kinabaki malishoni, na anayebaki nyumbani hawezi kumwagia shimo maji ambayo watoto wanayalilia. Baada ya mwaka mtambo umepasuka, umekuwa kaburi la saruji. Bayogesi ya kila boma Turkana ni ndoto, na nawaomba wanaoandika mapendekezo ya miradi waiache. Mahali pake ni pale ambapo taka na maji machafu tayari vimekusanyika: kichinjio, soko, shule za bweni, hospitali, gereza. Maji yaliyoosha nyama ndiyo hayohayo yanayoingia kwenye tanki. Gesi inawashwa palepale, jikoni mwa shule, badala ya lori la kuni kila wiki.

Kuhusu vyoo vya kambini, najua wengi mtakunja pua. Kampuni ya Sanivation, iliyoanzia Naivasha, ilikuja kujaribu Kakuma kazi ya kukusanya kinyesi cha binadamu kwenye vyoo vya nyumbani, kukiua vijidudu kwa joto la jua, kisha kukichanganya na vumbi la makaa na kutengeneza briketi. Ati nipikie hiyo? Ndiyo, utapikia. Joto limeshaua cha kuua, na briketi haina harufu unayoifikiria. Udongo wa Kakuma ni mgumu kuchimba na lagga ya Tarach ikijaa hufurika, vyoo vya shimo vina shida zake. Kitu kinachotatua choo na moto kwa mpigo mmoja hakistahili dharau.

Ila kuna jambo moja linanisumbua kuliko pua zetu. Briketi zikijaa kambini, yule mama wa kuni nilyemtaja atauzia nani? Ndiye anayeshikilia karo ya mtoto Lodwar. Ukimwondolea soko bila kumpa lingine, hutakuwa umeokoa msitu. Utakuwa umehamisha njaa kutoka kambini hadi bomani, na uhusiano wa wenyeji na wakimbizi, ambao tayari una nyufa, utaharibika zaidi. Mashirika kama LOKADO yamefanya kazi ya kuni na majiko kwa pande zote mbili, kwa hivyo njia ya kukutana ipo. Kikundi cha briketi kiwe na wanachama wa kambini na wa vijijini, na wauza kuni wa sasa ndio wapewe nafasi za kwanza za kusambaza. Wao ndio wenye wateja, wanajua nani analipa na nani hukopa akapotea.

Sasa wewe unayesoma hii kwa simu, labda umeketi nje ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana hapo Lodwar ukisubiri kazi ya kaunti. Sheria ya Kawi ya 2019 inataka kila kaunti iwe na mpango wake wa kawi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na plastiki. Vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti huitwa kila mwaka, na tunaoenda wengi hufuata soda na nauli. Kikao kijacho nenda na maswali matatu. Mpango wa kawi wa Turkana unasema nini kuhusu moto wa kupikia? Uchafu wa kichinjio unamwagwa wapi, na kwa gharama gani? Shule za bweni zinanunua kuni za pesa ngapi kwa muhula, na za mti gani? Omba majibu kwa maandishi. Wakikwambia watakurudia, waulize tarehe.