Tumtegemee Mungu, lakini tusimwachie jembe

Kuna kauli moja ambayo haikosi vinywani mwetu. Utaisikia katika foleni ya hospitali, ndani ya matatu, katika baraza la chifu na hata matangani. Kauli yenyewe ni hii: "Tumwachie Mungu." Kijana aliyehitimu akakosa kazi huambiwa hivyo. Mzazi aliyelemewa na karo huambiwa hivyo. Mwenye kesi iliyoahirishwa mara kumi huambiwa hivyo, naye huyakariri maneno hayo akirudi kwake kwa miguu.

Sina nia ya kuikejeli kauli hiyo, maana mimi mwenyewe nimelelewa nayo. Lakini kuna siku iliponifika shingoni, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni nini hasa tunachomwachia Mungu.

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, ana ugonjwa wa kisukari. Kwa miaka mingi alikuwa akijidunga dawa asubuhi na jioni, na kwa kuwa hakuwa na friji aliihifadhi ndani ya mtungi wa maji uliokaa kivulini. Jioni moja nilimkuta mlangoni pake akiwa na uso mkunjufu. Akaniambia kwamba ameombewa, amepona, na sindano amezitupa. "Ndugu yangu," alisema, "nimemwachia Mungu." Nilijua kwamba maneno hayo yana hatari. Walakini niliona haya kumpinga mtu aliyelitaja jina la Mungu, nikasema "Amina," nikaenda zangu.

Siku tatu baadaye, usiku wa manane, vijana wa mtaa walimbeba kwa blanketi hadi barabarani akiwa hajitambui. Hospitalini muuguzi aliuliza ni nani aliyemshauri aache dawa. Sisi majirani tulitazamana. Sikuwa nimemshauri, lakini nilikuwa nimesema "Amina."

Mpenzi msomaji, ndipo nikamkumbuka marehemu mama yangu na mwaka wa 1984.

Wenye umri wangu hawajausahau mwaka huo. Mvua ya masika ilikataa katika sehemu kubwa ya Kenya, na kwetu Ukambani ardhi ilipasuka kama kisigino cha mzee. Ng'ombe walikonda, wakaanguka, wakaachiwa fisi. Serikali ililazimika kuagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, nasi watoto tuliyacheka kwa rangi yake na kuyanung'unikia kwa harufu yake. Mama hakucheka wala hakunung'unika. Siku alipopata mgao wake wa kwanza alipiga magoti kando ya gunia, akashukuru, kisha akalipima kwa kikombe ili lifike mwisho wa mwezi. Kwake yeye, riziki ya Mungu ilikuwa imekuja kwa meli, ikapanda lori, na mwishowe ikamfikia kwa mgongo wake mwenyewe.

Mama yangu alikuwa mwenye imani kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Kila usiku aliomba mvua. Lakini darini, juu ya meko, kulikuwa na magunzi ya mahindi yaliyokaukia moshini na kibuyu cha kunde zilizochanganywa na jivu ili zisidungwe na wadudu. Hiyo ilikuwa mbegu. Tulilala njaa tukiitazama, na mama hakuithubutu. Nilipomwuliza kwa nini tusiipike, alinijibu kwamba mtu anayeomba mvua kisha akala mbegu hajaomba, amecheza.

Si hayo tu. Yeye na wanawake wenzake wa mwethya, kile kikundi cha kijiji cha kusaidiana kazi, waliendelea kuchimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji, ilhali maji yenyewe hayakuwapo. Wanaume waliokuwa wakicheza bao chini ya mti waliwauliza ni mvua gani hiyo wanayoiandalia. Wanawake hawakujibu, waliinama wakachimba. Mvua ya vuli ilipofika mwishoni mwa mwaka huo, mashamba yenye matuta yaliyashika maji, na yale mengine yaliutoa udongo wake ukaenda zake mtoni. Mvua iliwanyeshea wote sawasawa. Tofauti ilikuwa ni nani aliyeipokea.

Wahenga walinena kwamba ajizi ni nyumba ya njaa. Walinena pia kwamba jitihada haiondoi kudura. Kuna wanaodhani kwamba methali hizi mbili zinapingana. La hasha! Ya kwanza inamwonya mvivu, na ya pili inamwonya mwenye kiburi. Mtu aliyekamilika huzihitaji zote mbili: ya kwanza asubuhi anapolishika jembe, na ya pili jioni anapolitua.

Dini zetu zenyewe hazikufunza vinginevyo. Kisa cha Yusufu kule Misri kinajulikana na Wakristo na Waislamu vilevile. Mungu alimfunulia kwamba ingekuja miaka saba ya shibe, kisha miaka saba ya njaa. Je, Yusufu alimwambia Farao akae atulie kwa kuwa Mungu ameshasema? Hasha! Alishauri kwamba sehemu moja kwa tano ya mavuno iwekwe akiba, ghala zikajengwa, na nchi ikaokoka. Ufunuo ulitoka mbinguni, lakini ghala zilijengwa na mafundi. Waislamu nao husimuliwa habari za mtu aliyemwuliza Mtume Muhammad iwapo amfunge ngamia wake au amwache huru na kutawakali. Aliagizwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Kutawakali, basi, hakukuwa badala ya kamba. Kulikuja baada ya kamba.

Mwaka wa 2023 taifa letu lilifunzwa somo hili kwa uchungu usio na kifani. Tangu mwishoni mwa mwaka wa 2020 mvua zilikuwa zimekosekana misimu mitano mfululizo. Mnamo Septemba 2021 ukame ulitangazwa kuwa janga la kitaifa, na wafugaji wa kaskazini walipoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Mwezi wa Februari 2023 viongozi na wananchi walikutana jijini Nairobi kuomba mvua. Sioni aibu kusema kwamba nami niliomba, na mvua iliponyesha mwezi wa Machi nilishukuru.

Lakini mwezi uliofuata, Aprili, makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Kabla kazi hiyo haijasimama, miili zaidi ya 400 ilikuwa imetolewa ardhini, mingi ikiwa ya watoto. Ilielezwa kwamba watu hao walifundishwa kufunga bila kula ili wakamwone Mwokozi. Mhubiri anayedaiwa kuwashawishi, pamoja na washtakiwa wenzake, alikanusha mashtaka mahakamani mwaka wa 2024, na kuhukumu ni kazi ya mahakama, wala si yangu.

Kazi yangu ni kuuliza jinsi tulivyofika huko. Katika msimu uleule ambao wafugaji walitembea siku nzima wakitafuta debe moja la maji, wengine walikuwa wakikikataa chakula kwa jina la Yule anayekiotesha. Mzazi aliyemnyima mwanawe uji akidhani anamtii Mungu hakuanza siku hiyo. Alianza siku ya kwanza aliyoambiwa kwamba dawa ni upungufu wa imani, shule ni upungufu wa imani, na kuuliza maswali ni upungufu wa imani. Na pengine siku hiyo ya kwanza alikuwapo jirani mwenye haya kama mimi, aliyesema "Amina" akaenda zake.

Wenye mamlaka nao wasidhani kwamba ninawasemea wananchi wadogo pekee. Kauli ya kumwachia Mungu ina ladha tamu zaidi kinywani mwa kiongozi aliyezembea. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yalibomoa njia yake karibu na Mai Mahiu, yakazoa nyumba na kuua makumi ya watu waliokuwa usingizini. Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji hayo yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, baada ya njia yake ya chini kuzibwa na vifusi. Mvua ni ya Mungu, hilo sipingi. Lakini njia ya maji iliyozibwa ni yetu. Tukiuita uzembe wetu kudura, tunamsingizia Mwenyezi Mungu, na hakuna mwombaji anayepaswa kumsingizia anayemwomba.

Ukitaka kuona mambo yalivyopasa kuwa, nenda Machakos, Makueni au Kitui ukatazame mabwawa ya mchanga. Wanakijiji hujenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto wa msimu. Mvua zinaponyesha, mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha katikati ya chembe zake, mahali ambapo jua haliwezi kuyanyonya upesi. Miezi baada ya mto kukauka, mama hufukua kidogo na kuteka. Wengi wa wajenzi hao ni watu wa sala. Wanapomaliza kuujenga ukuta huomba, kisha huenda nyumbani kungoja mvua, kwa maana mvua haijengwi. Hapo ndipo mipaka ya kazi yetu inapokomea na ya Mungu inapoanza.

Najua kuna msomaji atakayeniuliza: Je, yule aliyefanya yote na bado akashindwa? Aliyemeza dawa zote na bado akazikwa? Aliyepanda kwa wakati, akapalilia, na bado nzige wakala? Swali hili ni la haki, nami sitalikwepa.

Mwezi wa Agosti mwaka huohuo wa 1984, ndugu yangu mdogo, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, alishikwa na surua. Njaa ilikuwa imekwisha kumdhoofisha. Mama alimfunga mgongoni akatembea naye tangu alfajiri hadi zahanati, akapewa kilichokuwapo, akarudi naye. Siku ya nne mtoto alifariki. Mama aliomboleza kama mama yeyote. Hakutuambia kwamba haikuuma, wala hakusema kwamba imani yake ilipungua ndipo mwana akafa. Alisema tu, "Tulifanya tuliloweza. Sasa ni wake." Kisha baada ya matanga alilichukua jembe akarudi kwa wenzake wa mwethya.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo mahali halisi pa kumwachia Mungu. Si mwanzoni mwa kazi, bali mwisho wa nguvu zetu. Mtu asiyekuwa na tegemeo hilo, jitihada zake zinapogonga mwamba, hujilaumu hadi akajiangamiza, au huwalaumu wengine hadi akawa mkatili. Mama hakufanya lolote kati ya hayo. Imani haikumwondolea msiba, bali ilimwinua kesho yake asubuhi. Sijui dawa nyingine iliyoweza kufanya hivyo, na kwa sababu hiyo siwezi kuungana na wale wanaosema kwamba kumtegemea Mungu ni ujinga wa maskini. Waliokosa kila kitu wakasimama tena wanajua walisimama juu ya nini.

Kwa hiyo naomba tufanye jambo moja. Mtu atakapotuambia kwamba amemwachia Mungu, tusiitikie kwa haraka. Tumwulize kwa upole: Umemwachia nini? Akisema amemwachia matokeo, na tuseme naye "Amina" kwa moyo wote. Akisema amemwachia dawa, mtoto, shamba au wajibu aliopewa na watu, tumshike mkono tuketi naye. Viongozi wa dini waliseme hilo mimbarini bila kumung'unya maneno, kwa kuwa wao husikizwa pale ambapo daktari hasikizwi. Ukimya wao ukiwa mrefu, wengine huujaza.

Jirani yangu aliruhusiwa kutoka hospitalini baada ya majuma mawili. Nilikwenda kumwona, nikamwomba radhi kwa ile "Amina" yangu. Alicheka, akaniambia kwamba makosa yalikuwa ya wengi. Mtungi wake umerudi kivulini. Nilimkuta ameishika sindano kiganjani, amefumba macho, midomo ikitikisika. Nilingoja. Alipomaliza alijidunga, akaifuta ngozi, akaniambia, "Naiombea kwanza, ndugu yangu, kisha naitumia."

Mama yangu angalimwelewa. Mungu hamtupi mja wake. Nasi tusiitupe mikono aliyotupa.