Kiunzi cha Mbwa Kisipigiliwe Misumari

Wapo wanaodai kwamba kiunzi cha kumrukisha mbwa hakifai mpaka kinunuliwe. Nawapinga. Mchezo huu ulionyeshwa kwanza London, kwenye maonyesho ya Crufts ya mwaka 1978, na vifaa vyake vingi ni vya kawaida: fito, nguzo, mbao. Hapa Kampala mabomba ya maji ya plastiki yanatosha kabisa.

Lakini nawapinga zaidi wanaopigilia ufito misumari ati uwe imara. Mbwa naye hukosea. Akigonga ufito ulioegeshwa tu, huanguka, naye akaendelea kukimbia. Akigonga uliopigiliwa, kinachoumia ni mguu wake. Uimara huo ni mtego. Tengenezeni wenyewe, ndugu zangu, ila uacheni ufito uanguke.