Kitunguu Kisiharakishwe

Sina budi kusema kwamba steki ya ng'ombe kwa vitunguu, kama waipikavyo Wataliani majumbani mwao, aghalabu haiharibiki kwa sababu ya nyama bali kwa pupa ya mpishi, ambaye huvikaanga vitunguu kwa moto mkali vikaungua kingoni hali ya kuwa ndani vingali vibichi. Vikatwe vyembamba, vitiwe katika mafuta ya zaituni na chumvi kidogo, moto uwe hafifu, vikorogwe polepole hata vilegee, vitoe maji yao, kisha vigeuke rangi ya asali; na kazi hiyo yataka kadiri ya nusu saa. Ndipo viepuliwe, kikaango kipate moto barabara, na vipande vya nyama, vilivyokwisha kupanguswa vikavu, vigeuzwe mara moja tu. Wataliani hutia mvinyo mweupe. Asiyeutumia atie siki kidogo iliyozimuliwa kwa maji. Ama ile steki ya fiorentina ya Toscana, yenye mfupa na unene wa vidole vitatu, haina haja ya kitunguu asilani: makaa na chumvi vyaitosha, na atakayekitia mbele ya watu wa Florence ajiandae kwa mabishano.