Ruzuku ya Utafiti Isiwe Nauli ya Kuhama

Vijana wetu wanaohitimu udaktari, uuguzi na kazi za maabara hupelekwa katika hospitali za wilaya, na huko hukutana na maradhi ambayo vitabu vyao viliyagusia kidogo tu. Wengi huwa na maswali mazuri. Lakini swali halijibiwi na mtu anayehudumia wagonjwa tangu asubuhi hata usiku. Lataka muda, vyombo na fedha. Ndiyo maana ziko ruzuku za utafiti kwa wataalamu vijana, na ndiyo maana twaona yafaa kusema jinsi zinavyopasa kutolewa.

Tuitazame Tukuyu, wilayani Rungwe. Mito inayoteremka kwa kasi kutoka milima ile ni makazi ya usubi, mdudu mdogo aumaye mchana na kuambukiza mnyoo uletao mwasho, unaoharibu ngozi na hata kupofusha macho. Kwa zaidi ya miaka 20 wananchi wamemeza dawa ya ivermektini, wakigawiwa na wenzao waliochaguliwa vijijini. Dawa hiyo huua watoto wa mnyoo. Mnyoo mkubwa huweza kuishi mwilini zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo kazi hii ni ya mwaka hata mwaka.

Swali kubwa ni hili: lini dawa iachwe? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 wataka ushahidi: usubi wanaswe na kupimwa, na damu ya watoto walio chini ya miaka 10 ipimwe pia. Dawa ikiachwa mapema, ugonjwa waweza kurudi. Ikiendelea bila sababu, fedha na jasho la wagawaji vitapotea bure. Mgeni wa miezi 3 aweza kuchukua vipimo hivyo. Lakini ajuaye kijiji kipi hukwepa dawa, na kwa nini, ni yule afanyaye kazi Makandana au Igogwe, na aelewaye Kinyakyusa mgonjwa anaposimulia taabu yake.

Msingi upo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kituo Tukuyu. Mpango wa EDCTP, ulioanzishwa mwaka 2003 na nchi za Ulaya kwa kushirikiana na Afrika, umewafadhili watafiti vijana wafanye kazi humu humu Afrika. Hayo ni mema, nasi twayashukuru.

Ubaya huanza pale kijana anapopata ruzuku na wodi yake ikabaki bila mtu. Wenzake hubeba mzigo na kununa. Muda ukiisha, hurudi akakuta nafasi yake imejazwa, na elimu yake mpya haina meza wala mshahara. Hufuata mradi mwingine mjini. Hatumlaumu, maana naye ana watoto. Lakini Rungwe imepoteza mara mbili: imempoteza mganga na imelipoteza jibu.

Watauliza wengine: hospitali yenye upungufu wa waganga itamtoaje mmoja akafanye utafiti? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba ruzuku ilipe pia mshahara wa atakayeshika zamu yake, naye mtafiti abaki na siku zake za kutibu. Pili, halmashauri imwandikie ahadi kwamba nafasi yake itamngoja. Tatu, swali la utafiti litoke kwanza wilayani, na matokeo yasomwe katika mkutano wa kijiji, kwa lugha ya wenye kijiji, kabla hayajasafiri ng'ambo. Na sehemu ya fedha itoke katika hazina yetu wenyewe, kwani alipaye ndiye achaguaye swali.

Hizi si ndoto. Ifakara ilianza mwaka 1957 kwa maabara ndogo ya Waswisi; leo ni taasisi ya Watanzania, na utafiti wake juu ya vyandarua vyenye dawa uliisaidia nchi kuanzisha Hati Punguzo mwaka 2004.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja, nasi twawakaribisha. Lakini umefika wakati mwenyeji naye apewe darubini, muda na mshahara, ajitibu kwa akili yake mwenyewe.