Muuguzi wa Wapagazi Wasio na Makaburi

Aghalabu vita vya 1914 hadi 1918 vinapozungumzwa katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki, majina yanayotangulia ni ya majemadari, von Lettow-Vorbeck kwa Wajerumani na Smuts kwa Waingereza, ilhali wale waliovibeba vita vile vichwani na mabegani, wapagazi waliokusanywa vijijini, wengi wao kwa nguvu, wakatwikwa risasi na magunia ya unga na kupitishwa mabonde ya Rufiji hata wakafa kwa makumi ya maelfu, hawatajwi ila kwa jumla, kama itajwavyo mifugo iliyopotea. Asiyetajwa zaidi yao ni mtawa mmoja wa Kiitalia aliyewauguza, Sista Irene Stefani. Na mimi nashika ya kuwa haiwezekani kumtukuza yeye kwa insafu huku tukiendelea kuwasahau wao.

Alizaliwa Anfo, kaskazini mwa Italia, tarehe 22 Agosti 1891, akaingia katika shirika la watawa wa Consolata, akafika Kenya mwanzoni mwa 1915 akiwa binti wa miaka 23, azma yake ikiwa ni kuwatumikia watu wa bara, Ukikuyuni. Vita vikamgeuzia njia. Akapelekwa kwenye hospitali ya wapagazi ya Voi, kisha Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam, na ni katika mabanda hayo ya pwani, si katika mambo yaliyokuja baadaye, ndipo ninapomwona yeye hasa.

Yafaa tujue ni wagonjwa wa namna gani waliofikishwa mbele yake. Watu wa milimani, waliozoea baridi na vyakula vya kwao, walishushwa kwenye joto na mbu, wakapewa unga wa mahindi ambao mara nyingi haukupata kuni wala muda wa kuiva, nao ukawaharibu matumbo. Wakaingiwa na kuhara damu, homa ya malaria na kichomi, na miguu isiyo na viatu ikaoza kwa vidonda. Wengi hawakufa kwa risasi. Katika uvundo huo alikuwako Irene, akiosha vidonda, akibadilisha vitambaa, akiwalisha wasioweza kuinua mkono, akijitahidi kusema nao kwa lugha walizozielewa, kwani wagonjwa wake walikuwa watu wa makabila mengi. Wasimulizi wa maisha yake hueleza ya kuwa siku moja alimkosa mgonjwa mmoja aliyekuwa akimwangalia. Alipouliza akaambiwa amekwisha kufa, maiti yake imechukuliwa pamoja na nyingine ufuoni. Naye hakuridhika na jibu hilo, akashuka mwenyewe ufuoni, akazigeuza maiti moja baada ya moja mpaka akamkuta yule mtu, angali anapumua.

Najua wapo wasomaji, hasa sisi wa pwani, watakaosema ya kuwa mtawa yule alikuwa na haja yake, maana aliwabatiza wengi waliokuwa katika sakarati ya mauti. Neno hilo lina uzito na silifichi. Aliamini ya kuwa anawafungulia mlango wa mbinguni, na asiyeshiriki imani hiyo ana haki ya kusita. Lakini dola lililowachukua watu wale liliwaona kuwa nguvu ya kubebea tu, na anayeishiwa nguvu huachwa njiani. Irene aliwataka wakiwa hawawezi tena kubeba chochote.

Baada ya vita alirudi bara, akakaa Gikondi tangu 1920, akifundisha, akizungukia wagonjwa na wazazi kwa miguu, akiwaandikia kina mama barua za kuwapelekea watoto wao waliokwenda kutafuta kazi mijini. Watu wakamwita Nyaatha, mama mwenye huruma. Tarehe 31 Oktoba 1930 alikufa kwa tauni aliyoipata kwa kumuuguza mwalimu wa shule, umri wake miaka 39. Tarehe 23 Mei 2015 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri mjini Nyeri, mbele ya umati mkubwa mno, na taadhima hiyo aliistahiki.

Lakini Kilwa Kivinje na Lindi, ni wangapi wamjuao? Na wapagazi wake je? Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inaelekeza singe bandarini, na wapagazi wametajwa katika maandishi yake, lakini hakuna hata mmoja aliyetajwa kwa jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri ya kuwa marehemu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wakiwa watu wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Kukiri ni mwanzo tu. Serikali za Kenya na Tanzania hazina budi kuidai Tume hiyo kila karatasi ya malipo na ya hospitali iliyosalia. Misheni zilizotuma watawa zifungue daftari zao za miaka ile. Na wazee wa Murang'a, Machakos na Nyanza, ambao babu zao walichukuliwa wasirudi, waulizwe majina sasa, wangali hai, yaandikwe na kuchongwa Voi, Kilwa na Lindi.